Boksi Kutoka Torino

Hebu niambie, wewe unayesoma: mtu aliyekushika mikononi siku ya ubatizo wako akiendesha gari mchana na usiku kukuletea zawadi, utaweza kumtazama machoni umwambie siyo hii?

Sisi huku Buzău mtu huyo tunamwita naș. Naș ndiye anayesimamia ndoa ya wazazi wako, ndiye anayekubatiza, na ukitimiza mwaka mmoja ndiye anayekukata shungi la nywele za kwanza. Akija nyumbani, supu yake huchotwa kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Hapewi mkate wa jana. Na akikupa kitu, unakipokea kwa mikono miwili, unambusu mashavu yote mawili, basi. Hayo niliyajua kabla sijajua kuhesabu.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya hoho. Kila Septemba nyumbani kwangu tunapika zacuscă, rojo la hoho, biringanya na vitunguu ambalo tunalipaka kwenye mkate tangu theluji ya kwanza hadi Pasaka. Hoho zilikuwa kilo themanini, zile nyekundu ndefu zenye ncha, zimetandazwa kwenye magunia chini ya mzabibu. Mwanangu Sandu alikuwa anazichoma juu ya bati lililolazwa kwenye moto wa kuni. Mimi na jirani yangu Veta tulikaa kwenye vigoda, beseni katikati yetu, tunamenya. Hoho iliyochomwa unaitoa kwenye sufuria iliyofunikwa ingali inafuka, unaishika kikonyo, unavuta ngozi yake iliyoungua kutoka juu kwenda chini, na huthubutu kuiosha kwa maji, maana maji yanaondoka na ladha yote. Ikifika saa nne asubuhi vidole ni vyeusi mpaka kiungo cha pili, na vinanata.

"Sandu," Veta akamwambia, "hizo hoho unazichoma au unazizika?"

"Nazika, tanti Veta. Ukimaliza kumenya utazisomea sala."

Mjukuu wangu Ilinca alikuwa anapita katikati yetu na ndoo, anabeba mbichi kwa baba yake na zilizoiva kwetu. Alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa nane. Ni msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuuma kamba ya kofia ya sweta yake anapowaza. Mama yake alikuwa zamu kiwandani mpaka jioni, kwa hiyo tulikuwa sisi wanne tu uani, pamoja na nyigu wanaofuata utamu wa hoho.

Saa tano gari lenye namba za Italia likasimama mlangoni. Naș Traian akashuka taratibu, mkono kiunoni, kama mtu anayejikunjua kutoka kwenye sanduku. Ni fundi wa vigae. Magoti yake yamekwisha. Alitubusu sote, mikono yetu michafu tukiishika mbali ili tusimchafue shati. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akatoa boksi jeupe lililofungwa utepe mwekundu, akaliweka mezani katikati ya mitungi ya kioo.

"Hii ni ya miaka kumi na minane," alisema. "Samahani imechelewa mwezi. Mwenyewe pia nimechelewa."

Ilinca aliweka ndoo chini. Akamshukuru, akambusu, yote kama inavyotakiwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama, na nilimwona akiinamisha kichwa kusoma maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Uso wake haukubadilika. Masikio ndiyo yaliyobadilika: yakawa mekundu kama hoho.

Hapo nikajua nilichokifanya.

Nieleze vizuri, maana bila hili hutaelewa. Ndani ya boksi kulikuwa na laptopu ya gemu. Laptopu nyingi za gemu ni kubwa kama trei ya kuokea mikate, lakini hii ni ile ndogo, inayoingia kwenye mkoba wa shule na bado ina nguvu za zile kubwa. Kila mwaka hutolewa toleo lake jipya. Ya mwaka jana ni nene kidogo, feni zake zinavuma kama mashine ya kukaushia nywele, na kioo chake hakina mng'ao. Ya mwaka huu ni nyembamba, kimya, na kioo chake kina rangi zinazowaka. Ukiwekewa zote mbili mezani mkono wako utaifuata mpya. Wangu pia ungeifuata.

Lakini Ilinca alishanieleza tofauti yake kwa lugha ya jikoni. "Bibi, ya mwaka jana, kumbukumbu yake ni kama mitungi kwenye rafu. Ukitaka zaidi, unafungua skrubu chini, unaongeza. Ya mwaka huu wameilehemu kwenye ubao wake. Ni kama mpini wa sufuria: imetoka nao kiwandani, itazeeka nao." Na yeye alihitaji kumbukumbu nyingi. Kwa miaka miwili, pamoja na mwenzake wa darasani aitwaye Rareș, alikuwa anatengeneza gemu yao wenyewe, jiji zima, mtaa kwa mtaa, lenye soko la paa la vioo na mbwa wanaolala kwenye ngazi za posta. Mashine yake ya zamani iliungua mwezi wa saba, ikatoa moshi pale pa kuchomeka chaja. Jiji likabaki limehifadhiwa kwenye kidubwasha kidogo kama kidole. Kwa pesa aliyoipata akichuma zabibu alinunua kwa fundi wa sokoni vijiti viwili vya kumbukumbu, vikubwa kuliko vyote, vinavyoingia kwenye ile ya mwaka jana tu.

Kaka wa Rareș anayo hiyo ya mwaka huu. Walijaribu. Jiji lilifunguka nusu, mpaka kwenye daraja, likaganda. Wakajaribu mara tano, likaganda mara tano.

Na Alhamisi iliyokuwa inakuja, kampuni moja ya gemu kule Bukarest, mji mkuu wetu, ilikuwa imemwita. Wangechukua vijana wawili, wawafundishe kazi mwaka mzima na kuwalipa. Kila mmoja aje na mashine yake, awafungulie kazi yake mbele ya macho yao. Sandu alikuwa ameshasema: "Wakikuchukua, nakubeba mgongoni mpaka Bukarest. Wasipokuchukua, mwezi wa kumi unamfuata naș Torino." Mke wa naș ni msimamizi kwenye kiwanda cha Torino kinachofua mashuka ya mahoteli, na nafasi ilikuwepo. Sandu si mtu mbaya. Ameona viwanda viwili vya mji huu vikifungwa yeye akiwa ndani. Kwake kazi iliyopo ndiyo kazi.

Sasa kosa langu. Ilinca alikuwa ameandika kwenye karatasi jina la laptopu na namba yake, tena akapigia mstari mara mbili mwaka, akaibandika kwenye friji. "Bibi, naș akipiga simu nikiwa kwenye zabibu, msomee hii, herufi kwa herufi." Naș akapiga kuuliza alete laptopu ipi. Nikasimama mbele ya friji, miwani puani. Nikaona ni ya mwaka jana. Na ulimi ukakataa. Nimwambie naș alete ya mwaka jana? Ni sawa na kumwambia: tunajua mfuko wako, lete kile kilichobaki rafuni. Nikasema, "Naș, ile ndogo ya gemu, ya mwaka huu. Iliyo mpya kuliko zote." Naye akacheka kwa furaha, akasema, "Ndivyo nilivyotaka kusikia."

Na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimelinda heshima ya nyumba.

"Haya, fungua tuone," Veta alikuwa anasema. Alishafuta mikono kwenye aproni. "Mimi sijawahi kuona laptopu ya kutoka Italia. Labda inaimba."

Naș akainua kidole. "Subirini. Mnaona stika hii hapa?" Akaonyesha stika ya duara, ya rangi ya fedha, iliyofunga mdomo wa boksi. "Yule kijana wa dukani aliniambia: ukiirudisha ndani ya siku kumi na nne tunakurudishia pesa yako, ila stika ikikatwa, hata akija Papa mwenyewe hatupokei." Akacheka. "Nikamwambia, mwanangu, hii hairudi. Hii inaenda kwa binti yangu wa ubatizo. Kesho alfajiri mimi narudi Torino, yenyewe inabaki."

"Mikono yangu michafu," Ilinca akasema. "Acha nimalize hoho kwanza, naș. Nisiichafue."

"Kanawe basi," Sandu akamwambia.

"Zinapoa kwenye sufuria, baba. Zikipoa hazimenyeki."

Hilo lilikuwa kweli, na Ilinca akachukua ndoo, akaenda upande wa pampu ya maji, nyuma ya banda la kuku. Nikajifanya naenda kuchota. Nilimkuta ameinama, simu imebanwa sikioni kwa bega ili isishikwe na vidole vyeusi.

"Ya mwaka jana, ndiyo. Ile ndogo," alikuwa ananong'ona. "Moja tu? Ya kwenye maonyesho, sawa, haidhuru. Niwekeeni. Mpaka saa nane? Hamwezi kungoja hata dakika kumi? Sawa. Saa nane."

Aliponiona hakushtuka. Aliacha simu iteleze kwenye mfuko.

"Duka la hapa mtaa wa stesheni," alisema. "Imebaki moja. Wanafunga saa nane, na hazitaletwa tena. Bibi, ulimsomea karatasi?"

Ningeweza kudanganya. Miwani, uzee, simu yenye mikwaruzo. Aliuliza kwa upole mno, nikashindwa.

"Sikumsomea. Nilimwambia alete mpya."

Hakupandisha sauti. Alisukuma mkono wa pampu, maji yakatoka, akayaacha yamwagike kwenye viatu vyake.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu, mwanangu. Kumwomba naș kitu cha mwaka jana."

"Alhamisi ni baada ya siku tano."

"Najua."

"Itaganda kwenye daraja. Nitakuwa nimesimama pale, watu wanatazama, itaganda kwenye daraja."

"Twende tumwambie. Stika haijakatwa."

Akatikisa kichwa. "Baba ataniua. Na naș amekuja na magoti yale. Umeona alivyoshuka garini?" Akajipangusa pua kwa kiwiko. "Usiseme kitu, bibi. Niahidi."

Nikaahidi. Wazee tunaahidi upesi mno.

Tulirudi kwenye hoho. Nami nikaanza kufanya kitu nisichowahi kufanya maishani: kuchelewesha chakula. Naș alikuwa na njaa, nami nikasema supu bado. Nikasema limau zimekwisha, Sandu akatumwa kwa jirani. Nikamwaga chumvi, nikaiokota punje kwa punje. Kila nilipoinua macho boksi lilikuwa pale mezani, jeupe, na stika yake inameremeta juani, na juu ya mlango wa jiko saa ya ukutani inasonga. Saa sita na nusu. Saa saba kasoro kumi. Sikujua nangoja nini. Nafikiri nilingoja Ilinca apate ujasiri, na yeye alingoja saa nane ifike ili aache kuwa na tumaini.

Kutoka kwetu mpaka mtaa wa stesheni ni dakika kumi kwa gari.

Saa saba na dakika tano tukakaa kula. Nikachota supu ya naș ya kwanza. Veta alibaki kula nasi, bila kukaribishwa wala kufukuzwa, kama kawaida yake. Akasema, "Traian, wewe umemwaga pesa. Mpwa wangu anasema hizo mpya zinauzwa bei ya ng'ombe."

"Ng'ombe mwenye mimba," Sandu akasema.

Naș akaweka kijiko chini. Alikuwa ameshakunywa kikombe kimoja cha țuică, ile pombe yetu ya plamu, na macho yake yalikuwa yamelainika.

"Niwaambie kwa nini mpya," alisema. "Ilinca, wewe hukumbuki, ulikuwa na mwaka mmoja. Siku ya kukukata nywele tulikuwekea sinia mbele yako. Kitabu, kitana, kalamu, mkate, na pesa. Ili tuone utashika nini, tujue utakuwa mtu wa namna gani. Pesa huwekwa na naș. Mwaka ule nilikuwa sina kazi miezi saba. Nikaweka noti moja, ndogo kuliko zote. Niliikunja ili isionekane thamani yake. Wewe ukaichukua ukaikunjua, ukawaonyesha watu wote."

Sandu akacheka kidogo. "Nilisahau hilo."

"Mimi sikusahau. Shemeji yako mmoja alisema, naș kaleta nauli ya basi. Meza nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Mwaka uliofuata nikaondoka kwenda Italia." Akapapasa boksi kwa kiganja chake chenye nyufa za saruji. "Miaka kumi na saba nasema, siku moja nitamwekea huyu mtoto kitu ambacho mtu hatakicheka."

Veta mwenyewe alitazama sahani yake. Nikamtazama Ilinca, nikaona kitu kikizimika. Alikuwa ameuma kamba ya sweta, sasa akaiachia. Akanyoosha mgongo. Najua mtu anapokata tamaa kwa heshima; nimemwona mama yangu akifanya hivyo, na mimi mwenyewe nimefanya.

"Na chumba nimekipaka rangi," naș akaongeza, akijaribu kuchangamka. "Cha kwako, kule Torino. Kama mambo ya Bukarest yakigoma. Rangi ya krimu. Mke wangu alitaka kijani, nikamwambia binti si chura."

"Asante, naș," Ilinca akasema.

"Basi, inatosha," Sandu akasema. "Mikono mmenawa, mmekula. Ifunguliwe. Mtu kasafiri saa ishirini na mbili, na bado hajaiona ikifunguliwa." Akavuta droo ya meza, akatoa kisu kidogo cha kumenyea, akampa naș upande wa mpini. "Kata wewe, naș. Ni haki yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini na tano.

Naș akalivuta boksi karibu. Akafungua utepe kwanza, taratibu, akaukunja kidoleni, akauweka pembeni kwa sababu ni mtu asiyetupa kitu. Akageuza boksi ili stika imtazame Ilinca. Kisha akashikilia kisu, akamtazama, kama kuhani anayengoja watu waitikie.

"Nikate?"

Ilinca akamtazama baba yake. Sandu akaitikia kwa kope. Ilinca akasema, kwa sauti ndogo iliyonyooka, "Kata, naș."

Ncha ya kisu ikagusa pembe ya stika. Nikaiona ikibonyea.

Sikupanga. Mkono wangu ulitoka wenyewe, ukatua juu ya stika, kati ya kisu na boksi. Nilikuwa nimenawa, lakini masizi ya hoho hayatoki kwa sabuni ya siku moja, na vidole vyangu vitano viliacha alama tano za kijivu kwenye boksi jeupe. Naș akarudisha kisu haraka.

"Mama," Sandu akasema. "Unafanya nini?"

"Ningekukata," naș akasema. Alikuwa amepauka.

"Naș," nikasema, "mimi ndiye nimekudanganya."

Veta akaacha kutafuna.

"Mtoto aliandika karatasi. Iko pale kwenye friji mpaka sasa, kachungulie. Ukanipigia simu, na mimi sikukusomea. Nilikuambia maneno yangu mwenyewe. Ulichokileta ni nilichokuagiza mimi, si alichokitaka yeye."

"Mama, nyamaza," Sandu akasema kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa umewiva, wala si kwa moto wa kuni. "Hiyo ni zawadi ya naș. Mtu haagizi zawadi. Ilinca, mwambie naș unaipenda."

"Naipenda," Ilinca akasema.

"Umesikia? Anaipenda. Naș, usimsikilize, amekaa na moshi tangu alfajiri."

Naș hakumtazama Sandu. Alikuwa ananitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayemchotea supu.

"Kwa nini hukunisomea?"

"Kilichoandikwa kilikuwa…" Nikatafuta neno. "Kilikuwa kidogo kuliko ulichokileta. Niliona nikikutajia utadhani tunakuhurumia."

"Kwa hiyo ulidhani sina."

"Hapana. Nilikuogopa."

"Umeniogopa mimi? Bibi Tudora, umenipa chakula kwenye meza hii tangu sijaota ndevu."

"Nimemwogopa naș," nikasema. "Traian nisingemwogopa."

Nyigu akatua kwenye ukingo wa sahani yake, akatembea mzunguko mzima, akaruka. Saa saba na dakika thelathini na mbili. Nilihisi kila dakika kama mtu anayevuta uzi kutoka kwenye sweta niliyovaa.

Veta akashindwa kuvumilia. "Sasa mtoto alitaka nini? Gari?"

"Tanti Veta, kula," Sandu akasema.

"Nimeshakula."

Naș akaweka kisu mezani, mbali, nyuma ya mitungi. Akavuta kiti chake mpaka kikamkabili Ilinca, magoti yakalia. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza na mtu mzima mwenziwe.

"Boksi hili halijakatwa," alisema. "Naweza kulirudisha Torino kama lilivyokuja, na huyo kijana wa dukani atanicheka, na nitaishi. Ninaloshindwa ni kuondoka hapa kesho bila kujua kama binti yangu ananidanganya kwa heshima. Hiyo noti ndogo nimeibeba miaka kumi na saba. Usinipe na hii."

"Naș, ni nzuri," Ilinca akasema. "Ni nzuri kuliko zote."

"Sikuuliza kama ni nzuri."

"Nitazoea."

"Sikuuliza hilo pia. Nitakalolisikia nitalifanya, hata kama ni leo hii, mradi nilisikie kwako na si kwa bibi yako wala kwa baba yako. Ulitaka nini?"

Ilinca akageuka kwa baba yake. Sandu alikuwa amesimama, mikono imening'inia, na nilidhani atamwambia tena aseme anaipenda. Akafungua mdomo. Akautazama uso wa mwanawe muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiutazama. Kisha akaketi, akageuzia macho yake kwenye moto uliokuwa unazimika chini ya bati. Hakuitikia, hakukataa. Alimwacha tu.

Mimi nilikaza mikono yangu mapajani nisiongee. Lilikuwa jambo gumu kuliko kumenya kilo themanini.

Ilinca akavuta pumzi. Akaishika ile kamba ya sweta, nusura aipeleke mdomoni, akaiachia.

"Nilitaka ya mwaka jana, naș," alisema. "Ile nene, yenye kelele. Ile inayofunguka chini kwa bisibisi. Ipo moja mtaa wa stesheni, wanafunga saa nane." Nilidhani amemaliza. Lakini alimtazama naș machoni, kisha baba yake, kisha akarudi kwa naș, na sauti yake haikuwa ndogo tena. "Na nilitaka kubaki. Chumba cha krimu sikitaki. Torino sitaki kwenda, nataka kutengeneza jiji langu."